Kioo, plastiki, stenlesi au pipa la mwaloni: mvinyo wa nyumbani ukomae kwenye chombo gani?

Swali hili kwa kawaida huanzwa mkiani. Mtu ana ndoo mbili za mvinyo wa zabibu uliomaliza kuchacha, na cha kwanza anachouliza ni wapi atapata pipa la mwaloni kama yale ya kwenye picha za Ufaransa. Mimi humuuliza mambo mawili kwanza: una lita ngapi, na hicho chombo utakitaka tena lini?

Hapa Dodoma maswali hayo yana uzito wake. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Mvinyo wa Machi una miezi mitano hivi ya kutulia kabla mavuno mengine hayajafika na vyombo kuhitajika upya. Nao unabahatika, kwa sababu Juni na Julai usiku hushuka hadi chini ya nyuzi 15. Wa Septemba ndio wenye kazi. Miezi yake ya mwanzo ya kukomaa inaangukia Oktoba na Novemba, jua la mchana likipita nyuzi 30 na chumba cha bati hakina pa kulikwepa. Miongozo mingi ya kutengeneza mvinyo imeandikwa na watu wanaovuna mara moja kwa mwaka na wenye ghala la baridi chini ya ardhi. Ushauri wao wa vyombo unafuata maisha yao.

Kwa hiyo nalinganisha vyombo kwa mtu wa huku, mwenye lita 20 hadi 300, awe ametumia zabibu za Makutupora, rosela, nanasi au ndizi.

Chombo kinapimwa kwa nini

Kukomaa ni kutulia. Mashapo ya hamira na nyama ya tunda huzama, gesi iliyobaki hutoka, ukakasi wa tanini hupungua, na ule ukali wa mvinyo mchanga hulainika. Kazi hiyo mvinyo huifanya wenyewe. Chombo kinachotakiwa ni kile kitakachouacha uifanye bila kuuharibu, na waharibifu ni wanne: hewa, joto, mwanga na harufu ya kigeni.

Hewa ndiyo mbaya kuliko yote. Bakteria wanaogeuza mvinyo kuwa siki hawawezi kazi bila oksijeni, na hata wasipokuwepo, oksijeni yenyewe hugeuza rangi kuwa ya kahawia na kuleta harufu ya tofaa lililokatwa likaachwa mezani. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Ndoo nzuri ya lita 20 yenye lita 14 za mvinyo ina lita 6 za hewa, na hewa hiyo inakaa juu ya mvinyo kwa upana wote wa ndoo. Chupa nne za lita 3 na nyingine za robo tatu, zote zikiwa zimejaa hadi shingoni, zitautunza mvinyo huohuo vizuri zaidi hata kama zimeokotwa sehemu tofauti na hazifanani.

Kilo 100 za zabibu hukupa kama lita 60 hadi 65 za mvinyo ukishakamua na kuacha mashapo. Ukijua hilo kabla ya mavuno, unanunua vyombo vinavyojumlisha lita hizo. Ukinunua kimoja kikubwa kwa matumaini, utabaki na nusu tupu.

Plastiki, ambazo si zote sawa

Tuanze na tulicho nacho. Geuza chombo uangalie kitako, utaona pembetatu yenye namba. Namba 2 ni polithini ngumu: ndoo nyeupe, madumu ya njano ya mafuta ya kula, mapipa ya bluu ya lita 100 na 200. Namba 1 ni PET, plastiki angavu ya chupa za maji na soda. Namba 7 ni ya mchanganyiko, na ndani yake imo polikaboneti, ile ngumu inayong'aa ya baadhi ya chupa kubwa za maji ya ofisini.

Namba 2 ni imara, haivunjiki ikianguka, na ile iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula haina neno. Kasoro yake ni kwamba oksijeni hupenya kwenye ukuta wenyewe. Inapenya polepole lakini haikomi, na wewe ukaze kifuniko utakavyo. Kwa kuchachusha hilo halina shida: mwanzoni hamira inaihitaji hewa, kisha gesi ya kaboni inayotoka inaisukuma nje. Ndoo yenye tundu moja kwenye kifuniko na mrija wa dripu unaoishia ndani ya chupa ya maji ni kiwanda kamili. Ila gesi ikikoma kutoka, ulinzi umekwisha. Mvinyo usizidi wiki nne au sita humo.

Dumu la mafuta ya kula lina ubaya wa ziada. Polithini hunyonya mafuta. Sabuni na maji ya moto vitaondoa utelezi, lakini harufu iko ndani ya ukuta, na pombe ni hodari wa kuivuta nje. Mapipa ya bluu yana historia zao pia. Muulize muuzaji yaliingia nchini na nini. Yaliyoleta juisi nzito au zeituni yanafaa kuchachushia. Kama hajui, au akijibu haraka mno, acha. Lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shamba halina mjadala, hata kama limeoshwa mara kumi.

Simtanki nitaipita: ni ya maji.

Bahati ya mtengenezaji wa nyumbani iko kwenye chupa ya maji ya lita 18.9. Kipimo hicho cha ajabu ni galoni tano za Marekani, na ndicho kipimo ambacho watengenezaji wa nyumbani wa huko hutumia siku zote kwa chupa zao kubwa. Kama chini imeandikwa namba 1, unacho chombo chepesi, chenye shingo nyembamba, cha bei ndogo, na ambacho kwa unene uleule huzuia oksijeni zaidi ya mara kumi kuliko polithini. Kama ni namba 7, iachie maji. Polikaboneti hutengenezwa kwa kemikali ya BPA, na sabuni kali za magadi huimomonyoa na kuiachia kemikali hiyo.

PET ina masharti yake. Maji ya moto ya kuchemka huikunja. Brashi ngumu huikwaruza, na ndani ya mkwaruzo bakteria hupata maficho, kwa hiyo sugua kwa kitambaa laini na mchele na maji ya uvuguvugu. Usiinyanyue kwa shingo ikiwa imejaa, kwani ukuta unabonyea, na unapourudishia umbo unavuta hewa au maji ya mrija ndani. Ibebe kwa kitako, watu wawili, au iweke ndani ya kreti.

Kioo

Kioo hakipitishi hewa, hakinyonyi harufu, kinaoshwa kikatakata, na unaona mashapo yalipofikia bila kufungua. Kwa mvinyo wenyewe sijaona cha kukishinda kwenye kiwango cha nyumbani. Chupa kubwa zipo za kuanzia lita 5 hadi zile za lita 54 ambazo Waitaliano huzivika kikapu. Hapa kwetu ubaya wake uko kwenye upatikanaji, bei na uzito.

Uzito si wa kudharau. Chupa ya kioo ya lita 23 ikiwa tupu ina kilo 6 au 7, na ikijaa inafika 30. Mikono ikiwa na maji, sakafu ya saruji chini, hiyo ni hatari ya kukatwa vibaya. Iweke kwenye kreti la plastiki kabla ya kuijaza, na uijaze palepale itakapokaa. Usiimiminie maji ya moto, itapasuka.

Kisha kuna mwanga. Mvinyo mweupe na wa nanasi katika kioo kisicho na rangi, ukiachwa dirishani, huanza kunuka kabichi iliyochemshwa, na rosela hupoteza ile damu yake nzuri ikawa rangi ya matofali. Kioo cha kahawia ndicho kinachozuia zaidi, cha kijani kinafuata, cheupe hakizuii karibu kitu. Dawa yake ni rahisi: gunia, kanga kuukuu, au kabati lenye mlango.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kuvimba kwa mvinyo wenyewe. Lita 20 zikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30 huongezeka kama mililita 50 hadi 60. Kwenye shingo nyembamba hiyo ni nafasi kubwa. Ndiyo maana mwezi wa kumi unakuta kizibo cha mpira kimeruka na mvinyo umetiririka sakafuni, na mwezi wa saba usiku unakuta maji ya mrija yamefyonzwa ndani. Acha vidole viwili vya nafasi chini ya kizibo wakati wa joto. Wakati wa baridi jazia.

Sasa kioo au PET? Kama mvinyo utanywewa ndani ya miezi sita, na chupa imejaa, nakwambia chukua PET na uweke akiba ya tofauti ya bei. Sidhani jirani yako atautofautisha. Ukivuka miezi sita, au ukiwa na mvinyo mwekundu wa zabibu unaotaka kuuona mwaka wa pili, lipa kioo.

Stenlesi

Ukishafika lita 100, kuhangaika na chupa tano tano kunachosha: kila moja na mrija wake, kila moja na mashapo yake, na kila unapohamisha mvinyo unapoteza kidogo. Hapo stenlesi inaanza kuleta maana. Aina ya kudai ni 304, na ukiweza sehemu ya juu iwe 316, kwa sababu mvuke wa salfaiti (dawa inayotiwa kuzuia hewa na bakteria) unaojikusanya juu ya mvinyo hula 304 taratibu na kuacha vidoadoa vya kutu.

Tangi lililo bora kwa nyumbani ni lile la kifuniko kinachoelea. Kifuniko kinashuka hadi usoni mwa mvinyo, kisha unajaza upepo kwenye mpira unaokizunguka, kama tairi la baiskeli, ukabana ukutani. Tangi moja la lita 150 linaweza kutunza lita 150 leo na lita 70 mwezi ujao bila nafasi ya hewa. Kwa mtu mwenye misimu miwili isiyolingana, Machi kidogo na Septemba nyingi, hakuna chombo kingine kinachokubali hali hiyo. Kagua mpira huo kila wiki, maana ukipungua upepo kifuniko kinabaki cha mapambo.

Mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kutengeneza tangi la kawaida. Wape masharti: kuchomelea kwa gesi ya agoni, mishono ya ndani isuguliwe hadi iwe laini kwenye kidole, bomba la kutolea liwe juu kidogo ya kitako ili mashapo yabaki chini. Mshono wenye mashimo hautakasiki, na kila msimu utaambukiza unaofuata.

Ukuta wa stenlesi haushiki baridi. Joto la chumba ndilo joto la mvinyo. Dodoma tuna msaada wa bure: hewa ni kavu, na tangi likivikwa magunia yaliyolowa, maji yakikauka huondoka na joto. Dar es Salaam au Tanga, hewa imeshiba unyevu, magunia hayafanyi mengi. Huko tafuta chumba cha chini cha nyumba ya mawe au ukubali kunywa mapema.

Tahadhari moja sokoni: keni za maziwa. Zipo za stenlesi na za alumini, na machoni hufanana. Sumaku haitakusaidia, kwa sababu hainasi alumini wala stenlesi 304. Pima mkononi, ya alumini ni nyepesi sana. Asidi ya mvinyo hula alumini, na salfaiti inaharakisha. Kwa sababu hiyohiyo sufuria zetu za kawaida si pa kulaza mvinyo hata usiku mmoja. Mabati na shaba pia usijaribu, kwa kuwa zinki na shaba zikiyeyuka ndani ya mvinyo ni sumu. Chuma cha kawaida huutia weusi na ladha ya msumari.

Pipa la mwaloni

Hapa najua nitawaudhi baadhi. Pipa ni zuri, linanukia, na linampa mwenye nyumba heshima. Kwa mvinyo wa nyumbani Afrika Mashariki silipendekezi, na sababu zangu ni za kijiometri na za hali ya hewa.

Katika mikoa ya mvinyo ya Ufaransa, pipa la Bordeaux ni la lita 225, la Burgundy 228. Ukubwa huo haukuchaguliwa na mshairi. Unaruhusu oksijeni kidogo ipite kwenye mbao na vizibo, kiasi kinachoulainisha mvinyo mwekundu wenye tanini nyingi kwa mwaka mmoja au miwili, huku ladha ya mti ikiingia kidogo kidogo. Kulijaza unahitaji kama kilo 350 za zabibu, na lita nyingine pembeni za kujazia. Watu wa nyumbani basi hununua la lita 20. Ila pipa la lita 20 lina eneo la ukuta, kwa kila lita, zaidi ya mara mbili ya lile la 225. Mti unaingia kwa kasi maradufu, hewa vilevile. Baada ya wiki chache una juisi ya ubao, na mvinyo wenyewe bado mchanga.

Halafu uvukizi. Katika maghala ya baridi ya Ulaya mvinyo hupungua asilimia 2 hadi 5 kwa mwaka, na wao husema ni fungu la malaika. Malaika wa Dodoma mwezi wa Oktoba wana kiu zaidi, na pipa dogo linawafungulia mlango mpana. Usipojazia kila wiki, hewa inachukua nafasi. Pipa tupu ni kazi nyingine: kwenye kiangazi chetu mbao husinyaa, viungo vinafunguka, na ukilijaza tena linavuja kila pande hadi livimbe. Usipolifukiza salfa linaota ukungu, na ukungu wa pipa hautoki. Hata ukitunza kila kitu, ladha ya mwaloni hupungua kila unapolijaza, na baada ya mara tatu hivi limebaki chombo cha mbao tu. Jipya la Ufaransa la lita 225 hugharimu mamia ya yuro kabla hujalisafirisha.

Wapo wanaofikiria kuchonga pipa la mninga au mvule. Mwaloni mweupe unatunza kioevu kwa sababu mishipa yake huziba yenyewe mti unapozeeka. Hata mwaloni mwekundu wa Marekani, ndugu yake wa karibu, unavuja. Mninga una utomvu mwekundu unaotumika kama rangi, na sioni kwa nini mtu autie kwenye glasi yake. Mbao zetu hizo ni za milango na vitanda, na huko hazina mpinzani.

Kama unataka ladha ya mwaloni, na kwa zabibu nyekundu ni haki yako kuitaka, nunua vipande vya mwaloni uliobanikwa, gramu 2 hadi 4 kwa lita, uvitie kwenye kioo au stenlesi. Onja kila wiki. Ladha ikifika unapotaka, hamisha mvinyo, vipande vitupe. Kwa rosela na nanasi usitie hata kimoja. Mwaloni utalifunika tunda.

Mtungi

Udongo una historia ndefu kuliko vyote. Wageorgia wa Caucasus wanachachusha na kukomaza mvinyo ndani ya mitungi mikubwa iliyozikwa ardhini, na mwaka 2013 UNESCO iliuingiza utaratibu huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Na sisi tuna wafinyanzi: vyungu vya Wakisi wa Kyela vinajulikana mbali. Kwa nini basi isiwe mtungi?

Kwa sababu ya kilekile kinachofanya maji ya mtungini yawe baridi. Mtungi unatoka jasho, maji yanapenya ukutani, yanakauka nje, na yanayobaki yanapoa. Weka mvinyo humo, na njia inayotoa maji itaingiza hewa. Wageorgia hupaka nta ya nyuki ndani wakati mtungi una moto, kisha udongo wa ardhi wanapouzika unaubana na kuutunza kwenye ubaridi usiobadilika. Ukiwa na mfinyanzi mwenye subira, nta ya kutosha na mahali pa kuchimba, jaribio hilo ni halali na ningependa kulionja. Mtungi uliosimama kwenye kona ya jiko ni siki inayosubiri tarehe. Ule uliopakwa rangi inayong'aa ndani usiutumie kabisa mpaka uhakikishe haina madini ya risasi, kwani asidi huyatoa.

Kwa ufupi wa jedwali

| Chombo | Hewa kupenya | Muda | Lita zinazofaa |
|---|---|---|---|
| Ndoo, dumu, pipa la bluu (namba 2) | nyingi | wiki 4–6 | kuchachushia, zozote |
| Chupa ya maji 18.9 (namba 1) | kidogo | miezi 6 | 20–80 |
| Kioo | hakuna | miaka | 5–80 |
| Stenlesi, kifuniko kinachoelea | hakuna, mpira ukiwa mzima | miaka | 100 na zaidi |
| Pipa la mwaloni, lita 20 | nyingi mno | wiki chache | bora usinunue |
| Pipa la mwaloni, lita 225 | kidogo kidogo | mwaka 1–2 | ukiwa na zaidi ya 225 |
| Mtungi wenye nta, uliozikwa | wastani | miezi | wa majaribio |

Jedwali halisemi kitu kuhusu tunda, na tunda lina kauli. Mvinyo wa nanasi na wa ndizi ni mtamu ukiwa mchanga. Miezi mitatu kwenye PET inatosha, kuutunza zaidi ni kuupoteza. Rosela inakubali miezi sita gizani. Makutupora nyekundu ndiyo yenye tanini ya kusubiri, na kwa hiyo ndiyo inayostahili kioo au stenlesi. Kama bajeti inatosha chupa moja tu ya kioo, ujue ni ya nani.

Mwenye kilo 100 za zabibu nyekundu, kwa mfano, anaweza kuchachusha kwenye pipa la bluu, akakamua, akajaza chupa tatu za lita 18.9 (za namba 1 kama atakunywa ndani ya miezi sita), na lita tatu zinazobaki akazitia kwenye chupa nne za kawaida za kujazia baadaye. Metabisalfaiti ya potasiamu gramu 1 hadi 2 kwa kila lita 20 wakati wa kuhamisha itasaidia kuzuia hewa na bakteria katika chombo chochote kati ya hivi; mwenye pumu aambiwe imo.

Chupa za mwisho

Chupa ya mililita 750 nayo ni chombo cha kukomazia, tena kizuri: ndogo, imejaa, haina hewa. Kizibo cha koki kinataka mashine ya kukandamizia, na chupa ilazwe ili koki isikauke, hasa kwa ukavu wetu. Vizibo vya kuzungusha vinavyotumika mara ya pili havibani kama mwanzo, kwa hiyo ni vya mvinyo wa kunywa ndani ya wiki kadhaa.

Kuna njia ya tatu inayodharauliwa: chupa ya bia ya kahawia na kizibo cha bati. Kioo chake ni kinene, rangi yake inazuia mwanga, na kifaa cha kubana vizibo ni cha bei ya chini kuliko mashine ya koki. Huko Champagne, Ufaransa, mvinyo hukaa miaka chini ya vizibo vya namna hiyo kabla ya kuwekewa koki kwa ajili ya soko. Ila zile chupa za kreti zenye amana ni mali ya kiwanda, tafuta zisizorudishwa. Na usifunge mvinyo ambao sukari yake bado inachacha, kwani kizibo cha bati hakiruki, chupa ndiyo inayopasuka.

Ukinunua kilichotumika

Chochote utakachochagua, kuna uwezekano mkubwa utakinunua kikiwa kimeshatumiwa na mwingine. Usikinuse dukani kikiwa kikavu na kukiridhia. Harufu hulala kwenye chombo kikavu. Kijaze robo kwa maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha pombe kali isiyo na ladha, kifunge, kiache usiku kucha mahali pa joto, kisha asubuhi fungua na unuse kabla hujanywa chai wala kupiga mswaki. Kama ni stenlesi, pitisha pia kitambaa cheupe kwenye mishono, uone kinatoka na rangi gani. Kama ni plastiki, onja yale maji kwa ncha ya ulimi ukishajua kilichobeba kilikuwa chakula. Ukipata hata dalili ya mafuta au sabuni, mrudishie mwenyewe, au kifanye cha kunyweshea kuku.